Kujifunza Kazi za Mikono kwa Kutazama

 

Leo tutasema juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekwisha kuliona nyumbani. Binti amekaa juu ya kigoda, chanuo mkononi. Mdogo wake amekaa mkekani mbele yake. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya nywele, na ndani ya simu yumo mwanamke ambaye binti huyu hamjui, naye anasuka. Pengine yuko Lagos, pengine Nairobi, pengine Chicago. Binti atazama kidogo, asuka mstari mmoja, asimamisha picha, airudisha nyuma, atazama tena. Hakuna mtu chumbani anayemfundisha, na hata hivyo anafundishwa.

Wako wazee wanaoona jambo hili kuwa mchezo wa watoto. Wako na vijana wanaodhani kwamba lilianza juzi tu, na kwamba sasa fundi hana kazi tena. Mimi naona wote wawili wamekosea, na ndiyo sababu ya kuliweka jambo hili katika masomo yetu ya historia. Maana watu wamehangaika kwa karne nyingi kuutoa ufundi mkononi mwa mtu mmoja na kuupeleka kwa mtu mwingine aliye mbali. Kila walipopata njia mpya, walipata kitu, wakapoteza kitu.

Tuanze nyumbani. Hapo kale ufundi ulikaa mikononi mwa watu, wala haukuwa mahali pengine. Aliyeutaka alikwenda kukaa na mwenye nao. Mafundi wa majahazi wa Lamu walijenga vyombo vikubwa bila kuchora hata mstari mmoja karatasini. Umbo la chombo lilikuwa katika jicho la fundi mkuu. Mwanagenzi alianza kwa kuokota vibanzi na kushika mbao zisiteleze. Baadaye alitia kalafati. Tezo hakupewa mpaka fundi aliporidhika naye, na hiyo yaweza kuwa miaka.

Kusuka nywele kulikwenda vivyo hivyo, ingawa watu hawakukuita uanagenzi. Mtoto wa kike alizoeza vidole vyake kwa ukili wa mkeka, halafu kwa kichwa cha mdogo wake. Alijifunza kuigawa njia kwa ncha ya chanuo, kushika mafungu matatu ya nywele, na kila akipitisha fungu kuokota nywele kidogo za chini, ili msuko ushike kichwa. Alianza na ule msuko mwepesi wa mistari inayokwenda nyuma, ambao Tanzania wengi huuita "twende kilioni," kwa sababu husukwa upesi mtu akiwa na safari ya msibani. Na mama au dada mkubwa alikuwa karibu. Alitupa jicho, akasema, "Umevuta mno, utamng'oa mtoto nywele."

Neno hilo dogo, "umevuta mno," liwekeni akilini. Tutalirudia.

Sasa njia ya pili, nayo ni kitabu. Mwaka 1677, mjini London, mtu aliyeitwa Joseph Moxon alianza kutoa vijitabu vilivyouzwa sehemu kwa sehemu, vya kufundisha kazi za mhunzi, za seremala na nyinginezo. Hilo lilikuwa jambo geni, maana mafundi wengi wa Ulaya wakati ule waliweka maarifa yao kama siri ya chama. Lakini Moxon alikuwa mtu mkweli. Aliwaambia wasomaji wake mwanzoni kabisa kwamba kazi ya mkono haifundishiki kwa maneno, hupatikana kwa kuifanya na kuirudia. Mtu anakuuzia kitabu, naye huyo huyo anakwambia kitabu hakitoshi! Baadaye, kati ya miaka 1751 na 1772, Denis Diderot na wenzake wa Ufaransa walitoa kamusi kubwa ya maarifa yote, juzuu 17 za maandishi na juzuu 11 za picha. Katika picha hizo waona karakana za kila namna, vyombo vya kazi kimoja kimoja, hata mikono ya mfanyakazi imeshikaje. Walitambua kwamba mkono wataka kuonwa. Lakini picha ya kitabu imeganda. Yakuonyesha mkono ulipo, haikuonyeshi ulikotoka wala uendako.

Hata hivyo usidharau picha iliyoganda. Huko Malawi, katika kijiji cha Wimbe, kijana William Kamkwamba alitoka shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya miaka 2001 na 2002. Alikwenda katika maktaba ndogo ya pale, akakuta kitabu cha Kiingereza juu ya nishati. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Alizisoma picha kwanza, kisha akatafuta maana ya maneno yaliyozizunguka. Akaokota feni ya trekta, baiskeli mbovu, dainamo, mabomba ya plastiki na miti, akajenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Mwaka 2007 aliitwa katika mkutano mjini Arusha kueleza kazi yake. Huko Arusha ndiko alikoonyeshwa intaneti kwa mara ya kwanza. Walipotafuta neno la kinu cha upepo, wakatokea vinu vingi mno, pamoja na maelezo ya kuvijenga. Fikiri moyo wa kijana huyo. Yale aliyoyatafuta kwa jasho na njaa yalikuwa yamekaa pale tayari, ila njia ya kuyafikia haikuwako Wimbe.

Njia ya tatu ni hii ambayo kwayo wanisikia, yaani redio. Hapa Afrika Mashariki tuna historia ya kujivunia. Tanzania ilifanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaendesha masomo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vijitabu vilivyoandikwa kwa maneno mepesi kwa ajili ya watu waliojua kusoma hivi karibuni, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Sasa angalia jambo moja. Redio haina macho. Mimi hapa siwezi kujua kama umeshika kalamu sawasawa. Lakini kila kikundi cha Mtu ni Afya kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, naye alikaa pale pale na watu. Sauti ilitoka mbali, jicho lilikuwa karibu. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya masomo yale kufaulu.

Juu ya televisheni nitasema machache, kwa kuwa kwetu ilichelewa. Kenya iliipata mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994. Marekani ilikuwako mapema, na watu wa huko walijifunza mengi kwayo. Mwaka 1963 mama mmoja aliyeitwa Julia Child alianza kufundisha mapishi ya Kifaransa katika kituo cha mjini Boston. Siku moja alirusha chapati ya viazi aigeuze, ikamwagika jikoni. Aliiokota, akairudisha katika kikaango, akaendelea. Watazamaji walimpenda zaidi, maana waliona kosa na namna ya kulitengeneza. Baadaye akaja Bob Ross, aliyefundisha kuchora kwa rangi za mafuta tangu 1983 hadi 1994. Kila kipindi kilikuwa cha karibu nusu saa, na picha ilianza na kumalizika mbele ya macho yako. Vipindi vyake ni 403. (Kwa kuwa leo twasema juu ya nywele pia: zile nywele zake za kipilipili hakuzaliwa nazo. Alitiwa dawa ya kuzikunja ili aokoe fedha za kinyozi, na baadaye akashindwa kuziacha kwa kuwa watu walikwisha kumjua kwazo.)

Televisheni ilionyesha mkono ukienda. Walakini haikukungoja. Ukikosa hatua ya tatu, ya nne imekwisha kupita, nawe umebaki na unga mikononi.

Haya, sasa twafika kwenye simu. Tarehe 23 Aprili 2005, kijana Jawed Karim alitia katika mtandao mpya wa YouTube picha yake mwenyewe akiwa mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Picha hiyo ni ya sekunde 19 tu, na haifundishi chochote. Yeye na wenzake wawili, Chad Hurley na Steve Chen, walikuwa wametengeneza mahali ambapo mtu yeyote aweza kuweka picha zake za video na mtu yeyote kuzitazama. Mwaka uliofuata kampuni ya Google iliwanunua kwa dola bilioni 1.65. Watu wakaanza kuonyesha kila walichokijua: kufuma vitambaa, kuziba bomba, kupiga gitaa, kutengeneza cherehani, kusuka.

Sisi hatukuingia siku ile. Intaneti ya pwani yetu ilipitia kwenye setilaiti, kwa bei kali na kwa mwendo wa kobe, na picha ya dakika tatu iliweza kukumaliza subira. Mambo yalibadilika Julai 2009, waya mkubwa wa Seacom, wenye urefu wa kilometa zipatazo 17,000, ulipofunguliwa chini ya bahari na kufika Mombasa na Dar es Salaam. Mwingine, EASSy, ulifuata mwaka 2010. Kisha zikaja simu za bei nafuu zenye kioo kikubwa. Kwa hiyo yule binti juu ya kigoda anaangalia picha iliyopita chini ya bahari ile ile waliyoipita mafundi wa majahazi.

Video ya simu ilirudisha kitu ambacho televisheni haikuwa nacho: uwezo wa kumsimamisha mwalimu. Fundi wa kweli ukimwomba arudie mara ya kumi atachoka, na pengine atakutukana. Huyu wa kwenye simu hachoki. Tena haoni haya yako. Mtu mzima asiyependa kuulizauliza mbele ya watu aweza kujifunza usiku peke yake, na ninyi mlioanza kusoma ukubwani mwajua haya ni kitu gani.

Napenda niwape mfano mmoja wa nywele uliogusa watu wengi. Wanawake weusi wa Marekani, kwa vizazi kadhaa, walinyosha nywele zao kwa chanuo la moto na kwa dawa. Kujifunza kazi hiyo kwenyewe kulikuwa na utaratibu: Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867 na wazazi waliokuwa watumwa, alifungua chuo cha utunzaji wa nywele mjini Pittsburgh mwaka 1908, na mawakala wake wakaenea nchi nzima. Lakini baada ya miaka mingi ya kunyosha, katika nyumba nyingi maarifa ya kutunza nywele zisizonyoshwa yalipungua. Ilipofika miaka ya baada ya 2005, wanawake wengi walitaka kuacha dawa, wakajikuta hawajui la kufanya. Mama hakujua, na saluni nyingi hazikujua. Basi walifundishana kwa video, mmoja chumbani kwake akionyesha jinsi ya kufumua nywele bila kuzikata, mwingine jinsi ya kuzisokota zikiwa mbichi. Maarifa yaliyotoweka nyumbani yalirudi kwa mlango mwingine. Hili kwangu ni jambo kubwa kuliko tembo wa San Diego.

Sasa turudi kwenye lile neno, "umevuta mno." Simu haiwezi kulisema. Yakuonyesha mkono wa mwenzio, wala haiuoni wa kwako. Ukimkaza mtoto nywele za pembeni mwa paji la uso, yule mwanamke wa Lagos ataendelea kutabasamu. Nywele zikivutwa hivyo miaka mingi, mashina yake huharibika na hazioti tena. Na kuna shida nyingine ndogo. Mimi mwenyewe niliwahi kujifunza kufunga tai kwa kutazama simu. Yule bwana alikuwa ananitazama uso kwa uso, kwa hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa upande wangu wa kushoto. Nilifunga fundo la ajabu. Mke wangu alicheka, akaja akasimama nyuma yangu mbele ya kioo, akaishika mikono yangu, na kazi ikaisha mara moja. Anayejisuka kichwa chake mwenyewe hukutana na tatizo hilo maradufu, maana hata kioo kinageuza.

Yuko mtu mmoja wa Kenya ambaye maisha yake yaonyesha nguvu ya njia hii na mpaka wake pia. Ni Julius Yego, mtu wa Nandi. Kwao vijana hukimbia, yeye akapenda kutupa mkuki, na mwalimu wa mchezo huo hakuwako. Basi alikwenda katika vyumba vya intaneti, akatazama video za Jan Železný, mtu wa Cheki ambaye mwaka 1996 aliutupa mkuki mita 98.48, na za Andreas Thorkildsen wa Norwei. Aliangalia miguu yao, kiwiko, bega. Alitoka akaenda uwanjani kujaribu. Mwaka 2011 alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Maputo, na watu wakamwita Bwana YouTube.

Lakini hadithi haikuishia kwenye simu, na wanaoisimulia mara nyingi husahau sehemu hii. Baada ya Maputo, Yego alipata nafasi ya kwenda Kuortane, Finland, akafanya mazoezi chini ya kocha Petteri Piironen. Hapo sasa palikuwa na mtu wa kumtazama yeye. Agosti 2015, mjini Beijing, aliutupa mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka 2016 huko Rio akapata medali ya fedha ya Olimpiki kwa mita 88.24. Video ilimfikisha Maputo. Kutoka Maputo hadi Beijing alihitaji jicho.

Kuna kazi ambazo kukosa jicho ni kukosa uhai. Marekani ilizuka burudani ya kuchora mbao kwa umeme. Mtu hutoa transfoma katika jiko kuukuu la maikrowevu, hupaka ubao maji ya chumvi, huunganisha nyaya, na umeme huchoma mistari mizuri kama matawi ya mti. Katika video yapendeza sana. Lakini transfoma ile hutoa volti zipatazo 2,000, na umeme wa nyumbani kwetu, unaoua, ni volti 230 tu. Chama cha wakereza mbao cha Marekani kiliipiga marufuku kazi hiyo katika shughuli zake mwaka 2017, na kimehesabu vifo zaidi ya 30. Waliokufa hawakuwa wajinga. Waliona mikono ya mtu aliyefanya akapona.

Tena fikiri juu ya malipo. Fundi wa majahazi chombo cha mwanagenzi wake kikizama, aibu ni yake. Mwenye video hulipwa kwa matangazo ya biashara, na tangu 2007 YouTube imewagawia watengenezaji fedha hizo. Hulipwa kwa wewe kutazama. Kama ulifaulu au uliungua, hesabu yake ni ile ile. Wengi wao ni watu wema wanaopenda kazi zao, nami nimefaidi kwao. Lakini ukiona mtu anaahidi kwamba nywele zitarefuka kwa siku 7, jua kwamba ahadi hiyo imekwisha kumlipa ulipoifungua.

Limebaki jambo linalowahusu ninyi wa darasa hili hasa. Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Ikiwa naweza kutazama, kusoma kwanifaa nini?" Jaribu uone. Ukitaka kujua jinsi ya kusuka, simu yangoja uiambie neno. Simu nyingine hukubali ulitamke, lakini hujibu kwa vichwa vya habari mia, na huna budi kuchagua. Kipi ni cha mwaka huu na kipi ni cha zamani? Kipi ni cha anayeanza? Chupa anayoishika imeandikwa nini? Asiyesoma hupewa kile cha kwanza, nacho si lazima kiwe chema. Tena bando lina kikomo, na kila video mbaya uliyoifungua imekula fedha yako.

Mwalimu wa darasa, redio ikizimwa fanya hivi. Andika ubaoni kazi tatu ambazo wanafunzi wako wanataka kuzijua. Kila mmoja aandike katika daftari lake maneno ambayo angeyatafuta, mawili au matatu, si zaidi. Mwenye simu atafute kwa maneno hayo, na wengine wamsomee kwa sauti vichwa vinavyotokea. Chagueni video moja fupi, mtazame mara mbili. Kisha wakae wawili wawili, mmoja afanye kazi na mwenzake amwangalie mikono.

Kwaherini.